Taa za onyo katika gari la umeme: Betri ndogo ichunguzwe kwanza

GARI la umeme lililoegeshwa jioni likiwa salama linaweza asubuhi kuonyesha dashibodi iliyojaa taa nyekundu na za njano: ya breki, ya usukani na ya mfumo wa umeme, zote kwa pamoja. Mwenye gari hudhani kwamba betri kubwa imekufa, na kwamba itambidi atoe fedha nyingi kununua nyingine.

Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Chanzo huwa ni betri ndogo ya volti 12, ya aina ileile inayotumika katika magari ya petroli.

Tatizo hili linafahamika vyema miongoni mwa watumiaji wa Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, na ambalo huingizwa Kenya likiwa limekwisha kutumika Japani. Gari hilo lina betri mbili. Iliyo kubwa, ambayo katika toleo la kwanza ina uwezo wa kilowati-saa 24, imeundwa kwa seli 192 na hutoa umeme wa volti zipatazo 360 wa kuendesha mota. Iliyo ndogo hulisha kompyuta, taa, vitasa vya milango na swichi maalumu zinazounganisha betri kubwa na mota.

Kwa sababu hiyo, betri ndogo ikidhoofika, swichi hizo haziungani, na gari halisogei hata kama betri kubwa imejaa. Kompyuta nazo, kwa kukosa umeme wa kutosha, hushindwa kuwasiliana, na kila moja huwasha onyo lake. Ndiyo maana taa nyingi zinazowaka kwa mkupuo mmoja hazina maana kwamba vifaa vingi vimeharibika.

Hatua ya kwanza

Kabla ya kumwita fundi, dereva hana budi kuangalia rangi ya taa. Nyekundu humtaka asimamishe gari mara tu itakapokuwa salama kufanya hivyo. Ya njano humtaka achunguze tatizo mapema. Ya kijani au buluu hutoa taarifa tu.

Hatua inayofuata ni kupima betri ndogo kwa mita ya volti. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri yenye chaji kamili huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 au pungufu, imeishiwa chaji. Vichwa vya betri pia vikaguliwe, kwa kuwa vikilegea au kuota kutu huweza kuleta dalili zilezile.

Betri ndogo ikishaongezewa umeme kutoka chanzo kingine cha volti 12, gari huweza kuwashwa. Ikionekana alama ya kijani kwamba liko tayari kwa safari, mita inapaswa kupanda hadi kati ya volti 13 na 14.5, kwani wakati huo betri kubwa huichaji ndogo kupitia kifaa cha kupunguza volti. Mita isipopanda, hitilafu huenda iko katika kifaa hicho, fyuzi au nyaya zake. Kununua betri mpya katika hali hiyo ni kupoteza fedha, maana nayo itaishiwa chaji.

Gari linapokataa kuchaji

Malalamiko mengine ni ya gari kutochaji usiku kucha. Katika Leaf, jambo la kwanza la kuangalia ni saa ya kupanga muda wa kuchaji. Mmiliki wa awali huenda aliiacha ikisubiri saa fulani, na gari likafuata amri hiyo. Kipo kitufe cha kuruhusu chaji ianze papo hapo.

Baada ya hapo zikaguliwe plagi na soketi. Vifaa vingi vya kuchajia hugoma vinapounganishwa na soketi isiyo na waya wa ardhi, na kugoma huko ni ulinzi, si ubovu. Soketi inayopata moto au kubadilika rangi isitumike tena hadi fundi umeme wa nyumba aikague, na waya mwembamba wa kuongezea urefu usitumike kabisa.

Taa yenye picha ya kobe nayo ina maana yake: gari limepunguza nguvu kwa makusudi. Hutokea chaji inapokaribia kwisha, au betri kubwa inapokuwa na joto au baridi kupita kiasi. Ikiwaka ilhali chaji bado ni nyingi na hali ya hewa ni ya kawaida, yapo mashaka kwamba baadhi ya seli zimedhoofika.

Kusoma misimbo

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huonyesha ujumbe wa onyo kwa Kijapani. Inafaa kuupiga picha ujumbe huo, kisha kumtaka fundi asome misimbo ya hitilafu kwa mashine kabla ya kufuta chochote. Misimbo mingi inayoanza na herufi U huashiria kukatika kwa mawasiliano kati ya kompyuta, na hapo betri ndogo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Msimbo P0AA6 ni jambo jingine: huashiria kwamba kinga inayotenga umeme mkubwa na bodi ya gari imepungua. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hadi lichunguzwe na mtaalamu.

Wanunuzi nao wanapaswa kuwa waangalifu. Dashibodi isiyo na taa hata moja ya onyo inaweza kuwa imefutwa misimbo asubuhi ileile. Hata vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri kubwa huweza kurejeshwa kwa kompyuta bila betri kutengenezwa, kisha vikaanza kupungua tena baada ya gari kununuliwa. Kuliendesha gari masafa marefu na kulinganisha umbali na chaji iliyotumika hufichua mengi kuliko vijiti hivyo.

Mpaka wa kazi ya mwenye gari

Kupima betri ndogo ni kazi ambayo mwenye gari mwangalifu anaweza kuifanya. Nyaya za rangi ya machungwa ni habari nyingine, kwa kuwa zinabeba umeme unaoweza kuua. Fundi aliyefunzwa huzima gari, hukata betri ndogo, huondoa plagi ya usalama ya betri kubwa, hungoja angalau dakika 10, kisha huhakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme uliobaki, akiwa amevaa glavu zinazohimili volti 1,000. Fundi anayezishika nyaya hizo kwa mikono mitupu asikabidhiwe gari.

Na endapo italazimu Leaf livutwe hadi gereji, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe au gari zima lipakiwe juu ya lori. Magurudumu hayo yameunganishwa na mota, na yakizunguka wakati gari linavutwa, mota huweza kuzalisha umeme na kuharibu vifaa ambavyo havikuwa na kasoro yoyote.