Presha 11

Simu iliita kabla jua halijachomoza. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Newala, na hakungoja shikamoo yangu ifike mwisho. "Mwanangu, presha yangu imeshuka mpaka kumi na moja."

Nikamuuliza kama anasikia kizunguzungu, kama macho yanaona giza, kama kifua kinabana. Hapana. Alikuwa ameshakunywa uji na jembe liko mlangoni, anataka kwenda kupalilia mikorosho. Ila mashine ndiyo iliyoandika hivyo. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na ulikuwa usiku wake wa nne na mashine ya kupumulia aliyoletewa na bintiye kutoka Uingereza. Kwenye kioo chake, chini ya saa alizotumia, palikuwa na neno la Kiingereza "Pressure" na mbele yake 11.

Kosa halikuwa lake. Kwetu presha ni ugonjwa, basi. Hakuna asemaye "nina presha" akamaanisha kitu kingine. Na yeye presha anayo kweli, miaka mingi, anameza vidonge vya aina tatu na bado haishuki ipasavyo. Hiyo ndiyo iliyotufanya tumuulize mkewe habari za usiku. Mama akasema mumewe anakoroma hadi nyumba ya pili wanasikia, kisha ghafla kimya, kimya cha kutisha, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Hiyo ni apnia ya usingizi. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine inalegea kupita kiasi, njia ya hewa inajikunja na kuziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi tunahesabu tukio moja. Ikipungua sana bila kukatika, oksijeni ya damu ikashuka, nalo ni tukio. Ubongo unamshtua mwenyewe, koo linafunguka, anavuta pumzi, analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Kwa mtu mzima, matukio 5 hadi 15 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ya kati, yakizidi 30 ni kali. Kila mshtuko unapandisha presha ya damu, ndiyo maana vidonge peke yake wakati mwingine vinashindwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihesabu watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, walio na hali hii kwa kiwango fulani. Sioni sababu ya kudhani sisi wa Masasi na Newala tumeachwa nje.

Basi 11 ni nini? Asubuhi ile nilimwambia Mwalimu achukue bilauri ndefu ya maji na mrija wa kunywea soda, auzamishe mrija sentimita 11, kisha apulize polepole. Povu la kwanza litakapochomoza kwenye ncha ya chini, nguvu ya pumzi yake wakati huo ndiyo 11 ya mashine. Nilimsikia akipuliza kwenye simu. "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hiyo tu: kama sehemu moja kati ya mia ya mgandamizo wa hewa unaotuzunguka siku zote. Lakini inatosha kulishikilia koo lisijikunje, kama hewa ya tyubu inavyoshikilia gurudumu la baiskeli. Tiba hii ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, katika jarida la The Lancet, kwa wagonjwa 5 waliopuliziwa hewa puani usiku. Mashine za leo nyingi husukuma kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na zile zinazojirekebisha zenyewe hupanda na kushuka usiku kucha. Namba inayoonyeshwa mara nyingi si wastani. Ni kiwango ambacho kwa asilimia 95 ya usiku mashine haikukivuka.

Tangu siku hiyo neno presha nimeliacha kwa ajili ya damu. Ya mashine naiita msukumo.

Jambo ninalotaka kila anayeanza alishike ni hili: mashine inajua upepo tu. Wakati wa kupimwa hospitali mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani, kifuani na kidoleni, na mtaalamu huona ubongo umelala au uko macho. Mashine ya nyumbani haina nyaya hizo. Inapima hewa inayopita kwenye mpira na nguvu ya kuisukuma, kisha inakisia mengine yote. Haijui kama umelala. Ukivaa barakoa ukakaa saa mbili unasikiliza redio, yenyewe inahesabu ni saa mbili za usingizi. Fanya hesabu: mtu amelala saa 6 akapata matukio 36, yaani 6 kwa saa. Ongeza saa mbili za redio, 36 ukigawa kwa 8 unapata 4.5. Kioo kitasema mambo ni mazuri. Kinyume chake pia hutokea, kwa sababu mtu aliye macho hubana pumzi anapojigeuza kitandani, na mashine inaandika tukio. Hata oksijeni ya damu haiijui, isipokuwa imeunganishwa kipimo cha kidoleni.

Ndiyo sababu mimi huanza na kuvuja kwa hewa, kabla ya kuangalia matukio. Ikiwa upepo ndio shahidi pekee, upepo ukipotea njiani ushahidi wote unapungua thamani. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa kwa sababu watengenezaji hawahesabu sawa. Barakoa ina vitundu vya makusudi vya kutolea hewa ukaa tunayoipumua. ResMed hutoa hewa ya vitundu hivyo kwenye hesabu na kukuonyesha ile tu isiyotakiwa kutoka. Mstari wao wa tahadhari ni lita 24 kwa dakika. Mashine nyingi za Philips huonyesha yote kwa pamoja, kwa hiyo namba kubwa pale inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Usilinganishe na ya jirani. Na vitundu visizibwe! Nimewahi kumkuta mgonjwa ameviziba kwa plasta baada ya kuona neno la kuvuja kwenye kioo. Alikuwa anaivuta tena hewa aliyokwisha kuitoa, na kila siku aliamka kichwa kinamuuma.

Kuvuja kwenyewe kuna sababu nyingi, na huku kwetu kuna moja ambayo vitabu vya mashine havina. Mikorosho inapotoa maua tunapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Vumbi lile la njano linaingia hadi vyumbani, pua zinawasha na kuziba. Mtu aliyevaa barakoa ya pua tu atafungua mdomo usingizini, na hewa yote inatokea mdomoni. Kwenye grafu unaona mstari wa kuvuja umepanda ghafla kama ukuta, ukakaa juu saa nzima, ukashuka. Barakoa iliyolegea huwa na mstari wa kutikisika. Chujio la mashine nalo katika msimu huo likaguliwe kila wiki.

Baada ya kuvuja, matukio. Hapo Mwalimu alinifundisha. Aliteremka kwangu Masasi na kadi ndogo ya kumbukumbu inayokaa ubavuni mwa mashine, ndani ya bahasha, pamoja na daftari la shule alilokuwa akiandika mkewe. (Kadi ina kitufe kidogo pembeni, kisukume kufunga kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta isije ikaharibiwa maandishi yake, na ukumbuke kukifungua ukiirudisha.) Tukaisoma kwa OSCAR, programu ya bure iliyotokana na ile ya SleepyHead ya Mark Watkins. Usiku mmoja ulikuwa na wastani wa matukio 3 kwa saa. Alifurahi, kwani 3 ni chini ya 5. Lakini kwa saa 7 alizolala hayo ni matukio 21, na 16 kati yake yalirundikana ndani ya saa moja. Saa hiyo alikuwa mgonjwa kama zamani, wastani ulimficha.

Grafu ilisema rundo hilo ni la saa sita usiku. Daftari la Mama lilisema saa tisa: "Kalala chali, anakoroma na mashine yake." Nilidhani Mama amekosea kuandika. Baadaye ndipo nikaona saa ya mashine ilikuwa bado ya Uingereza, saa tatu nyuma yetu. Mama alikuwa sahihi, na jibu likabadilika. Usingizi wa ndoto huwa mwingi sehemu ya mwisho ya usiku, na ndani yake misuli hulegea kuliko wakati wowote. Ongeza kulala chali, ulimi unarudi nyuma. Matukio ya saa tisa yana maana tofauti na ya saa sita. Hatukugusa msukumo, alianza kulala ubavu na mto mgongoni.

Kuna tukio jingine ambalo mashine huliandika peke yake: koo liko wazi lakini pumzi haikuvutwa. Mashine hulitambua kwa kutuma mitetemo midogo ya hewa na kusikiliza inavyorudi. Hapo si koo, ni ubongo haukutoa amri. Kwa wanaoanza hutokea, na mara nyingi hupungua baada ya wiki kadhaa. Yakidumu, mwone daktari. Usiongeze msukumo mwenyewe, maana kwa matukio haya kuongeza kunaweza kuyazidisha.

Umeme ukikatika, usiku wako utaonekana vipande viwili au vitatu, hilo lisikutishe. Wala usidanganyike na alama kwenye programu ya simu ya myAir ya ResMed: kati ya 100, alama 70 ni za saa ulizovaa barakoa, 20 za barakoa kukaa vizuri, na kati ya 10 zilizobaki 5 tu ndizo za matukio. Mtu anaweza kupata 95 huku koo linaziba usiku kucha.

Mashine zilizotumika nina wasiwasi nazo zaidi. Zinakuja kwenye masanduku ya ndugu kwa upendo mkubwa, na naheshimu upendo huo. Lakini msukumo uliowekwa ulikuwa wa koo la mtu mwingine, na kadi ikiachwa humo, wastani wa miezi sita utachanganya usiku wake na wako. Mwezi Juni 2021 Philips walitangaza kurejeshwa kwa mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyomo ndani ilikuwa ikimeguka, na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Kabla ya kuwasha mashine ya namna hiyo, soma namba yake ya mfululizo na umwombe ndugu aliyeituma akaihakiki kwa mtengenezaji. Ya Mwalimu ilihakikiwa, na msukumo ukapangwa kwa vipimo vyake mwenyewe alivyofanyiwa Dar es Salaam.

Sasa kadi inashuka Masasi kila mwezi kwa basi. Naanza na daftari. Mama huandika mambo matatu: ameamka mara ngapi kwenda haja, amesinzia mchana au la, na presha ya asubuhi, ile ya damu. Kisha nafungua grafu. Rundo la saa tisa limepungua hadi matukio manne au matano. Kidonge kimoja tumeshakipunguza kipimo.

Lakini mwezi wa sita umeingia. Newala usiku ni baridi, mvuke unageuka maji ndani ya mpira na kugugumia masikioni, na wiki iliyopita mashamba ya jirani yalianza kupulizwa. Nimemwomba Mama aandike pia tarehe za salfa.