Usiku Mmoja Kisiwani, Magunia 111 ya Mahindi

Kisiwa cha Mnemba kiko ng'ambo kidogo ya ufukwe wa Matemwe, kaskazini-mashariki mwa Unguja. Kina mabanda 12 ya wageni, basi. Bei yake hubadilika kwa msimu, ila kwa miaka ya karibuni imevuka dola 1,000 kwa kichwa kwa usiku mmoja, na miezi ya watalii wengi huenda juu zaidi ya hapo. Kwa hesabu ya makala haya nimechukua dola 1,500. Ndugu wawili wakilala usiku mmoja ni dola 3,000. Dola moja ikienda kwa shilingi 2,600, ni shilingi 7,800,000.

Sasa zilete fedha hizo Busi, wilayani Kondoa. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 limeuzwa 70,000, yaani shilingi 700 kwa kilo, bei ambayo mkulima wa huku akiipata hanung'uniki sana. Milioni 7.8 ni magunia 111. Ekari moja ikitoa magunia saba, na huo ni mwaka ambao mvua haikukatika njiani, hao ndugu wawili wamelalia ekari 16 kwa usiku mmoja. Hawajaamka bado.

Watu wengi wakisikia hesabu za namna hii huishia kuguna. Mimi napenda kuuliza swali la pili: fedha yote hiyo inanunua nini? Samaki wa kuchoma ni yuleyule wa Matemwe. Mchanga ni uleule. Ukivuka maji kurudi Unguja, kuna nyumba za wageni za kawaida zinazotazamana na kisiwa hichohicho, na asubuhi jua linachomoza upande mmoja kwa tajiri na kwa maskini.

Jibu linapatikana ukipima ufukwe. Ukikizunguka Mnemba kwa miguu unatembea kilomita moja na nusu hivi. Mabanda 12 yakijaa yana watu 24. Gawanya: kila mgeni ana mita 62 za ufukwe peke yake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755, ilhali wakazi wake kwa sensa ya 2022 ni 1,889,773. Visiwa vinavyopokea watu wengi kiasi hicho haviwezi kumpa kila mtu mita 62. Anayezitaka lazima alipie watu ambao hawapo. Hicho ndicho kinachouzwa Mnemba, na hicho ndicho kinachouzwa karibu kila kisiwa cha kifahari duniani: uchache wa watu.

Karibea ndiko walikoigeuza biashara hii kuwa ustadi. Richard Branson alikinunua kisiwa cha Necker, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mwaka 1978 kwa dola 180,000. Leo kukikodi kizima kunazidi dola 100,000 kwa usiku. Yaani kodi ya siku mbili inapita bei ya kununulia. Kwa haki ya hesabu, dola 180,000 za wakati ule ni zaidi ya dola 800,000 za sasa. Basi tuseme siku nane au tisa. Bado ni biashara ambayo muuza alizeti wa Kondoa hawezi kuiwaza.

Sisi nasi tuna Necker yetu. Katika pwani ya Tanzania, jirani na Mafia, kuna kisiwa cha Shungimbili, ambacho kibiashara kinaitwa Thanda. Ukubwa wake ni hekta 8 tu, sawa na ekari 20. Kilipofunguliwa kwa wageni mwaka 2016 bei iliyotangazwa ilikuwa dola 10,000 kwa usiku, kisiwa kizima, watu wazima hadi 10. Kwa dola ya 2,600 hiyo ni milioni 26. Ekari 20 za mahindi Busi, kwa magunia saba kila ekari, ni magunia 140, sawa na shilingi 9,800,000 kwa msimu mzima, kabla hujatoa mbegu, mbolea na vibarua wa kupalilia. Kwa bei hiyo ya ufunguzi, ekari 20 za mchanga ziliingiza kwa usiku mmoja zaidi ya mara mbili na nusu ya kile ekari 20 za udongo zinaingiza kuanzia kulima hadi kuvuna. Lakini ona jambo jingine: kwa bei hiyo ya 2016, wakijaa wote kumi, kila mtu alilipa dola 1,000. Kisiwa kizima chenye jina la kutisha kilikuwa nafuu kwa kichwa kuliko banda la Mnemba la leo. Ndugu wawili hawana faida nacho. Ukoo ndio wenye faida nacho.

Hapo ndipo habari ya ndugu inapoingia, kwa sababu hoteli za aina hii hupanga bei kwa kudhani kwamba mtu hasafiri peke yake. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha wawili. Ukienda peke yako unaongezewa. Mfano mzuri ni kile chumba cha chini ya maji cha hoteli ya Manta, Pemba, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2013, ambacho sehemu yake ya kulala iko mita nne hivi chini ya bahari. Bei za mwanzo zilikuwa dola 900 kwa mtu mmoja na 1,500 kwa wawili. Mtu wa pili, basi, thamani yake ni dola 600. Ndugu wawili wakienda kila mmoja kivyake watatoa 1,800; wakienda pamoja wanaokoa 300, sawa na shilingi 780,000, zaidi ya magunia 11.

Tatizo ni kitanda. Hoteli za visiwani zimejengwa kwa ajili ya maharusi. Sandals, kampuni iliyoanzia Montego Bay, Jamaika, mwaka 1981, ilijipatia jina kwa kupokea wapenzi wawiliwawili, na hoteli nyingi za fungate ni za namna hiyohiyo: kitanda kimoja kikubwa, chandarua kimoja, maua juu ya shuka, bafu lisilo na mlango wa maana. Dada wawili au kaka wawili wanaweza kuvumilia wakicheka. Kaka na dada watu wazima, waliolelewa Kondoa, hapana. Sitara ni sitara hata baharini. Wakichukua vyumba viwili, ile nafuu yote ya kuwa wawili imekwisha, na kila mmoja analipa nyongeza ya mpweke. Kwa hiyo swali la kwanza kwa simu lisiwe bei. Liwe: je, mna chumba cha vitanda viwili, na bei yake ni ileile? Visiwa vichache vina jibu zuri.

Safari yenyewe, ambayo ndiyo huwatisha watu wa bara, ni sehemu ndogo ya gharama. Tangu barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe kwa lami mwaka 2018, kutoka Kondoa mjini hadi Dodoma si taabu tena. Taabu ni vumbi la kutoka Busi hadi Kondoa. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa 31,000. Niweke 20,000 kutoka Busi hadi Dodoma kwa ukarimu, 30,000 za boti kwa Mtanzania, na 5,000 za daladala namba 118 ya Matemwe pamoja na matumizi madogo ya njiani. Jumla 86,000 kwenda. Watu wawili, kwenda na kurudi, 344,000. Ongeza chakula na kulala Dar ukiwa njiani, tufunge kwenye nusu milioni.

Siku tatu Mnemba kwa wawili ni milioni 23.4. Nusu milioni ya njiani juu yake ni kama asilimia mbili. Mtu anayebana nauli halafu analala Mnemba hajui anachobana.

Ila igeuzeni safari hiyo. Chukueni chumba cha vitanda viwili katika nyumba ya wageni Matemwe kwa 80,000, siku tatu 240,000. Chakula 40,000 kwa siku kwa wote wawili, 120,000. Mashua ya kwenda kuogelea kwenye miamba ya matumbawe ya Mnemba pamoja na ada ya hifadhi, tuweke 120,000. Haya ni makadirio yangu, bei hupanda na kushuka, na anayejua kupatana atapunguza. Jumla, ile nusu milioni ya njiani ikiwemo, 980,000. Magunia 14, ekari mbili. Ni sehemu moja ya ishirini na nne ya gharama ya kulala kisiwani, na hapa gharama za njiani zimekula zaidi ya nusu. Mtakayemwona chini ya maji ni samaki yuleyule anayeonwa na aliyelipa milioni 23. Kukanyaga mchanga wa kisiwa ndiko hamtaruhusiwa.

Kwa mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi, safari hii ni karibu mishahara miwili, na wakichangia ndugu wawili ni mmoja mmoja. Kulala Mnemba siku tatu peke yake ni mishahara 47. Karibu miaka minne bila kula.

Kuna kisiwa cha bei ya katikati ambacho naona kinastahili maelezo marefu kidogo. Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kina vibanda saba, wageni wasiozidi 14, na bei ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa baina ya dola 200 na 300 kwa kichwa. Maji ya kuoga ni ya mvua: paa la kila kibanda limejengwa pana ili likinge maji yaingie kwenye tangi chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji kabisa. Mtu wa Busi akifika pale haoni kioja. Anaona watu wanaoyaheshimu maji kwa sababu zilezile anazozijua nyumbani.

Kwa nini basi bei si dola 50? Fanya hesabu ya mshahara peke yake. Chumbe ina wafanyakazi 40 hivi. Ukiwalipa wote kima cha chini cha sekta binafsi Zanzibar kilichoanza 2024, shilingi 347,000, unatumia milioni 166.6 kwa mwaka, takriban dola 64,000, na hicho ni kiwango cha chini mno kwa manahodha, walinzi wa matumbawe na wapishi. Kisiwa hufungwa wakati wa masika, tuseme kinapokea watu siku 300. Vitanda 14 mara siku 300 ni nafasi 4,200 kwa mwaka. Zikijaa zote, mshahara ni dola 15 kwa kila mgeni kwa usiku. Zikijaa nusu, ni dola 30. Bado hujanunua mafuta ya boti, hujarekebisha paa, hujaleta hata kitunguu kutoka mjini. Hoteli ya vyumba 200 ikikosa wageni 14 haitambui. Chumbe ikikosa 14 imefunga.

Na ndani ya fedha hiyo kuna kazi ya kulinda. Miamba ya Chumbe imefungwa kwa uvuvi na ilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Ina zaidi ya aina 400 za samaki, wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kujifunza, na anayelipia walinzi ni mgeni anayelala.

Kondoa tunajua gharama ya kufunga eneo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 zilizokuwa zimeliwa na makorongo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wakatoka kwa makumi ya maelfu. Majani yakarudi, miti ikarudi, wataalamu wakaja kupiga picha. Lakini gharama aliibeba mwenye ng'ombe: maziwa yalikatika nyumbani kwake, samadi ilipungua shambani kwake, na hakuna mtalii aliyelipa dola 250 kuja kulala Kolo kuangalia majani yakiota. Tofauti ya Chumbe na Kondoa haiko kwenye elimu ya uhifadhi. Iko kwenye nani anatumiwa ankara.

Ndiyo maana siwezi kusema kila bei ya kisiwa ni ujambazi. Ya Chumbe naielewa mstari kwa mstari. Ya Mnemba naielewa nusu. Nusu nyingine ni mita 62 za kutomwona jirani, na mtu aliyekulia kijijini, ambako kuamka bila kusalimiwa ni dalili ya ugonjwa, sidhani kama atazifurahia kwa magunia 334 ya siku tatu.

Kama nyinyi ndugu wawili mmejichanga na mmeamua, nendeni Matemwe, chumba cha vitanda viwili, mashua ya asubuhi. Mkibahatika kuwa na ziada, lalani Chumbe usiku mmoja. Bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza Zanzibar tarehe 1 Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haiwahusu Watanzania, kwa hiyo asiwatoze mtu. Na popote mtakapopiga simu, ulizeni bei ya mkaazi, kwa shilingi, na waambieni mna vitambulisho vya NIDA, kabla hawajataja dola.