Somo la kwanza ni kuanguka: Judo, karate na ustahimilivu wa mtoto

Ukiingia kwenye darasa la judo la watoto wanaoanza, utadhani umekosea mlango. Hakuna anayemrusha mwenzake. Watoto wamechuchumaa kwenye magodoro, wanajiangusha wenyewe. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo unaviringika, mikono yote miwili inapiga godoro kwa pamoja: paa! Wanainuka, wanaanguka tena. Wajapani huita zoezi hili ukemi, na mtoto hulirudia majuma mengi kabla ya kuruhusiwa kurushwa na mwenzake.

Jioni moja nilikuwa nimekaa na wazazi kwenye benchi, tukitazama darasa la namna hiyo. Msichana wa miaka minane hivi alitegwa mguu na mwenzake, akaanguka vibaya, machozi yakamjaa. Mwalimu hakumfokea, wala hakukimbia kumbeba. Alipiga goti mbele yake akamwuliza, "Unaumia wapi?" Mtoto akaonyesha kiwiko. Mwalimu akakitazama, akamwambia avute pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, kisha akamwuliza, "Utaendelea sasa, au utapumzika kidogo?"

"Nitapumzika kidogo, Sensei."

Akakaa pembeni, akafuta machozi kwa mkono wa vazi lake. Zilipita dakika mbili, pengine tatu. Hakuna aliyemwita. Akainuka mwenyewe, akarudi kwenye mstari.

Mama aliyekaa kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Sisi nyumbani akilia tunamwambia anyamaze, apige moyo konde." Wazazi wengi huwapeleka watoto karate, judo au taekwondo kwa sababu hiyohiyo: mtoto ni mwoga, anaonewa shuleni, au akishindwa jambo dogo analia siku nzima. Wanataka awe mkakamavu. Sayansi inasema mazoezi haya yanaweza kumsaidia kweli, na inaeleza pia kwa nini yanamsaidia mtoto mmoja na kumharibu mwingine. Jibu liko katika zile dakika mbili za msichana yule.

Sugu na mstahimilivu

Sugu ni ile ngozi nene ya kisigino, au ya kiganja cha anayeshika jembe kila siku. Imesuguliwa mpaka imeacha kuhisi. Mtoto anayechapwa kila mara tunasema amekuwa sugu: fimbo haimwumi, na maneno hayamwingii. Kustahimili ni jambo jingine kabisa. Anayestahimili anahisi kila kitu. Anaumia, anaogopa, anakasirika, na bado anaweza kuamua afanye nini.

Tofauti hiyo inaonekana ndani ya ubongo. Mtoto anapotishika, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, hupiga king'ora. Adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hudunda, misuli hukaza. Baadaye kidogo homoni ya kotisoli hufuata. Mwili uko tayari kupigana au kukimbia. Kazi ya kutuliza king'ora hicho hufanywa kwa sehemu kubwa na gamba la mbele la ubongo, lililo nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo palipo breki ya mwanadamu: kujizuia, kukumbuka maagizo, kubadili mbinu ya kwanza inaposhindikana. Sehemu hiyo hukomaa polepole kuliko nyingine, na huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba anayerusha vitu akishindwa mchezo huenda hana tabia mbaya. Breki yake bado inaundwa.

Breki hiyo huimarika kwa kutumiwa, na hutumiwa pale mtoto anapokutana na ugumu unaolingana na nguvu zake. Wataalamu wa kituo cha makuzi ya mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard hugawa msongo katika aina tatu. Upo wa muda mfupi, kama wa siku ya kwanza shuleni, ambao humkuza mtoto. Upo mzito zaidi, kama wa kufiwa, ambao mtoto huweza kuupita akiwa na mtu mzima wa kumshika mkono. Upo pia msongo sumu, ule mkali unaodumu bila mtu mzima wa kumtuliza, kama wa kupigwa au kutelekezwa. Huu huuacha mwili katika hali ya hatari kwa muda mrefu, na unaweza kuvuruga ukuaji wa ubongo wenyewe.

Darasa zuri la judo au karate humpa mtoto msongo wa aina ya kwanza, kwa kipimo, kama dawa. Anatishika sekunde chache, anaanguka, anagundua kwamba yu mzima, anatulia, anarudi. Mwalimu yuko palepale. Hata ile pumzi ina kazi yake mwilini: kutoa hewa polepole huamsha neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo. Mtoto anajifunza kwamba hofu ina mlango wa kutokea, na ufunguo anao mwenyewe.

Maswali matatu

Mwaka 2004, watafiti wa Marekani Kimberley Lakes na William Hoyt walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa shuleni kwa watoto 207, kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Baadhi ya madarasa yalipangiwa taekwondo, mengine yakaendelea na kipindi cha kawaida cha michezo. Katika taekwondo, watoto walifundishwa kujiuliza maswali matatu: Niko wapi? Ninafanya nini? Ninapaswa kuwa ninafanya nini?

Baada ya miezi michache, watoto wa taekwondo walikuwa wamesonga mbele zaidi katika kutuliza akili, kutawala hisia, kuishi vizuri na wenzao na kutulia darasani. Walifanya vizuri zaidi hata katika jaribio la hesabu za kichwa. Katika baadhi ya vipimo, wavulana walinufaika zaidi kuliko wasichana. Mwaka 2011, Adele Diamond na Kathleen Lee waliutaja utafiti huo katika jarida la Science, walipokuwa wakichambua mbinu zinazokuza uwezo wa mtoto kujitawala.

Uwezo huo una uzito mkubwa maishani. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Waliokuwa na uwezo mzuri wa kujizuia utotoni walifika umri wa miaka 32 wakiwa na afya bora, fedha zilizokaa sawa, na kesi chache za jinai, hata baada ya watafiti kuzingatia hali ya familia zao na kiwango chao cha akili.

Kuna pia suala la kujiamini. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika kazi yake ya mwaka 1977, alieleza kuwa imani ya mtu kwamba "ninaweza" hulishwa zaidi na jambo gumu alilolifanya kwa mikono yake kuliko sifa anazomwagiwa. Mkanda mweupe, wa njano, wa chungwa, wa kijani: kila rangi ni ngazi fupi ambayo mtoto ameipanda mwenyewe, mbele ya watu. Hawezi kununuliwa ngazi hiyo, wala kuazimwa.

Mchezo uleule, matunda tofauti

Wazazi wasiishie hapo, kwa sababu kuna tafiti zinazoonyesha upande wa pili. Mwaka 1986 Michael Trulson alichapisha utafiti mdogo kuhusu vijana wa kiume wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa na mwelekeo wa uhalifu. Kundi moja lilifundishwa taekwondo ya jadi: heshima, kutafakari, kujizuia, pamoja na mbinu zenyewe. Kundi la pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilifanya mazoezi mengine ya mwili. Baada ya miezi sita, ukali na wasiwasi vilipungua katika kundi la kwanza, na hali yao ya kujithamini ikapanda. Waliofundishwa kupigana tu walizidi kuwa wakali.

Nchini Norway, Inger Endresen na Dan Olweus waliwafuatilia wavulana waliokuwa na umri wa miaka 11 hadi 13 mwanzoni. Utafiti wao wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa walioshiriki ngumi, mieleka, kunyanyua vyuma na michezo ya mapigano ya Mashariki ya Mbali walizidi kuwa na vurugu nje ya ukumbi wa mazoezi. Kwa hiyo jina la mchezo kwenye bango la ukumbi halimwambii mzazi mengi. Kinachomjenga mtoto ni namna anavyofundishwa.

Sura zote mbili zimo katika maisha ya mtu mmoja, Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Vita vya Kongo vilimtenganisha na familia yake akiwa na miaka tisa. Alikutwa msituni baada ya siku nane, akapelekwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliopoteza makazi, akakutana na judo. Mchezo ule ulimpa ratiba, watu na sababu ya kuamka asubuhi. Lakini alipoanza kushindana kimataifa, ameeleza kuwa makocha walikuwa wakimfungia ndani ya kizimba kila aliposhindwa, kwa siku kadhaa, akipewa chakula kidogo. Mwaka 2013, timu ilipokuwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, alitoroka pamoja na mwenzake Yolande Mabika. Miaka mitatu baadaye alirudi ulingoni jijini humohumo, akiwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na akashinda pambano lake la kwanza. Judo ilikuwa ileile. Watu wazima waliomzunguka ndio waliokuwa tofauti.

Pigano lenye mpaka

Wazo la kupigana kwa adabu si geni kwetu. Makunduchi, Zanzibar, katika sherehe za Mwaka Kogwa, wanaume huchapana kwa mashina ya migomba hadharani, wakamaliza kinyongo cha mwaka, kisha wakala pamoja. Katika kirumbizi cha pwani, wanaume hukabiliana kwa fimbo huku ngoma ikiwaongoza. Na judo yenyewe ina mizizi visiwani: Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuwa mwalimu wake Zanzibar kwa miaka mingi, na katika Olimpiki ya Paris 2024 Tanzania iliwakilishwa kwenye judo na Andrew Thomas Mlugu.

Mpaka ukikosekana, mtoto anaweza kulipa kwa uhai wake. Japani, nyumbani kwa judo, takwimu alizokusanya Profesa Ryo Uchida zilionyesha kuwa zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni katika takriban miaka 30 kuanzia 1983. Wengi walikuwa wanagenzi, na wengi waliumia kichwani. Hiyo ndiyo hatari ya kumrusha mtoto kabla hajajua kuanguka.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2016, kilishauri watoto waanze na mazoezi yasiyo ya kugusana, na mashindano ya kugusana yasubiri mpaka mtoto awe na ujuzi wa kutosha. Kilionya pia kuwa kofia laini za kujikinga hazijathibitika kuzuia mtikisiko wa ubongo. Mtoto aliyegongwa kichwa akaanza kutapika, kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida au kulalamika kichwa kinazidi kumwuma, apelekwe hospitali mara moja. Hata akionekana kupata nafuu, asirudi mazoezini siku hiyo.

Kabla ya kulipa ada

Nenda ukakae kwenye benchi kwa kipindi kizima. Ukumbi unaokataza mzazi kutazama, ondoka. Tazama kwanza magodoro, kisha tazama kama watoto wanafundishwa kuanguka. Wahesabu: mwalimu mmoja hawezi kuwaona watoto 40 wanaorushana. Angalia wanavyopangwa, mdogo kwa mdogo, mwepesi kwa mwepesi. Uliza kama kuna mtoto anayeambiwa ashinde njaa ili apunguze uzito kabla ya mashindano. Jibu likiwa ndiyo, hapo si mahali pa mtoto wako. Uliza nani huwa na watoto katika chumba cha kubadilishia nguo, na mtoto anaweza kumwambia nani akiguswa vibaya.

Kisha subiri mtoto mmoja ashindwe, na umtazame mwalimu. Akimcheka, akimpiga au akimwadhibu mbele ya wenzake, anatengeneza sugu. Akipiga goti na kumwuliza anaumia wapi, umepata mwalimu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku, na judo au karate ni njia mojawapo tu. Usipopata ukumbi karibu, kuogelea, sarakasi na mpira vyenye kocha mwenye subira hufanya kazi hiyohiyo. Na mtoto aliyebadilika ghafla, halali, hali, anajitenga, au anazungumzia kujidhuru, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili kwanza. Mazoezi yatafuata.

Iko siku mtoto wako atashindwa mtihani wa mkanda. Atarudi nyumbani na uleule mweupe, wenzake wakiwa na wa njano. Usimpigie mwalimu simu kulalamika, na usimwambie mtoto anyamaze. Mwache alie. Muulize anaumia wapi, hata kama safari hii hakuna kiwiko cha kuonyesha. Akishatulia, muulize anataka kurudi lini, kisha ufue lile vazi lake na kulianika, liwe tayari siku atakayoitaja.