Blenda ya Saudia na soketi ya Kulesa

Mtoto akirudi Kulesa kutoka Saudia, majirani huja kuona begi likifunguliwa. Blenda ya mama inachomekwa, inanguruma kwa kasi isiyo ya kawaida, mara moshi! Watu husema ni feki. Mara nyingi si feki, imepewa umeme karibu maradufu.

Umeme wetu Kenya ni volti 240. Oman na Kuwait ni 240 vilevile, Imarati ni 230 hivi, na plagi iliyozoeleka huko ni hii yetu ya miguu mitatu. Anayekwenda Muscat hana taabu kubwa. Mtego uko Saudia. Nyumba nyingi za zamani ziliwekewa volti 127, na ingawa mwaka 2010 serikali ya huko iliamua kuhamia 230, vyombo vya umeme ule wa zamani bado mtu anaweza kupewa zawadi akaja navyo. Vya Marekani ni volti 120.

Kwa hiyo geuza chombo usome kibandiko. Kikiandikwa "100-240V, 50/60Hz", chomeka popote; chaja nyingi za simu na laptopu ziko hivyo. Kikiandikwa 110V, 120V au 127V peke yake, kiweke mbali na soketi ya hapa. Pasi ya volti 120 ikitiwa 240 haichemki mara mbili, inavuta nguvu mara nne hivi. Hiyo huchoma nyumba.

Adapta ya dukani haisaidii hapo. Inabadili umbo la miguu tu, umeme unapita vilevile. Kinachopunguza volti ni transfoma, nayo iwe na wati nyingi kuliko chombo chenyewe. Ya kubeba pasi ni nzito na ghali. Heri pasi ibaki hukohuko.

Halafu kuna ufundi wetu wa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Nimeufanya mwenyewe, sijifichi. Ile miguu haikai sawasawa, inacheza, inapata moto mpaka soketi inababuka. Na kama chombo ni cha chuma kinachohitaji waya wa ardhi, hitilafu ikitokea umeme utapitia kwako.

Nawe unayesafiri: nyumba ya zamani ya Saudia yaweza kuwa na soketi za 127 na za 220 pamoja. Muulize mwenye nyumba ipi ni ipi kabla hujachomeka.