Pikipiki mbili, dereva mmoja

Katika mji huu wa Dar es Salaam wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaomiliki pikipiki mbili, ilhali hakuna binadamu awezaye kupanda mbili kwa wakati mmoja. Jirani huuliza kulikoni. Mama watoto naye huuliza, tena kwa haki, maana fedha ile ingeweza kuezeka chumba. Fundi peke yake ndiye haulizi kitu.

Jibu la wengi ni kwamba ya pili ni ya akiba: hii ikiharibika, ile ipo. Hebu tulipime jibu hilo kwa hesabu ndogo. Tuseme kila pikipiki huwaka na kwenda vizuri asubuhi 9 katika kila 10. Mwenye moja atatembea kwa miguu asubuhi 10 katika kila 100. Mwenye mbili, kama ubovu wa moja hauna uhusiano na ubovu wa nyingine, atatembea asubuhi 1 tu katika 100. Si faida ndogo hiyo kwa muuguzi wa zamu ya alfajiri, au kwa mtu mwenye mgonjwa ndani ambaye usiku wowote anaweza kuhitaji kumkimbilia daktari.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wake wa pili. Asubuhi 19 katika 100, mtu huyu atakuwa na pikipiki mbovu nyumbani, moja au zote mbili, ambapo mwenzake mwenye moja anazo asubuhi 10. Yaani atakwama mara chache, lakini atatengeneza mara nyingi zaidi. Anayenunua ya pili ili apumzike na gereji amekosea njia. Na bima ya lazima ataikata mara mbili.

Sasa turudi kwenye neno lile "kama". Pikipiki mbili za mtu mmoja hunywa petroli ya kituo kimoja, hunyeshewa na mvua moja na hutegemea mfuko mmoja. Mwezi ambao mfuko umekauka, zote mbili hukosa oili mpya. Zaidi ya hayo, ile ya akiba ina ugonjwa wake yenyewe, nao ni kusimama. Watu hudhani chombo huchoka kwa kutumika tu. La hasha! Petroli iliyobaki kwenye kikombe cha kabureta huyeyuka hewani polepole, ikaacha ulimbo. Kijitundu cha jeti kinachopitisha mafuta injini inapozunguka polepole ni chembamba kama uzi, na ulimbo kidogo tu hukiziba. Betri nayo hupungua nguvu hata kama swichi imezimwa. Ikikaa tupu, sahani zake za risasi hushika utandu mgumu na haichaji tena sawasawa. Tangi la chuma lenye mafuta nusu lina hewa nusu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu: kutu huanzia ndani, mahali macho hayafiki. Hivyo siku ile ya kazi inapogoma, mwenyewe huvua turubai la ile ya akiba kwa matumaini, akapiga kiki hadi shati likalowa.

Wapo wanaojua jambo hili, na kila Jumamosi huwasha ile ya akiba dakika mbili, wakaizima wakiwa wameridhika. Hiyo ni kama kumwamsha mgonjwa bila kumpa chakula. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na injini isipopata joto la kutosha maji hayo hubaki ndani ya ekzosi na kwenye oili. Afadhali kuiendesha barabarani nusu saa mara moja kwa wiki kuliko kuinguruma uani kila siku. Na kama itasimama mwezi, funga koki ya mafuta injini ikiwa inazunguka, iache ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta kwenye kabureta. Kisha jaza tangi na fungua waya wa betri.

Kuna hatari nyingine ya kimya kimya. Leo plagi ya hii imekufa, tunaazima ya ile. Kesho koili. Keshokutwa cheni. Baada ya miezi sita chini ya turubai kuna mifupa.

Ni zipi basi za kuweka pamoja? Mimi naona moja iwe ya kazi, isiyo na maringo. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa CG125 ikijua inakwenda kwa watu wasio na nafasi ya matunzo ya kila mara. Wakaacha mnyororo wa kuzungusha kemshafti juu ya silinda, wakarudia vijiti vya kusukuma valvu, mtindo wa kizamani, kwa kuwa huvumilia uangalizi hafifu. Injini nyingi za pikipiki za Kichina ni za ukoo huo, na ndiyo sababu hata fundi wa chini ya mwembe anazielewa.

Ya pili iwe ya moyo. Huyu anapenda Yamaha AG100, iliyoundwa kwa kazi za mashambani, yenye mlio mkali na moshi wa oili inayoungua pamoja na petroli. Yule anataka kubwa ya silinda mbili. Asidanganye mtu kwamba ni ya akiba. Spea zake hazipo kila duka la Kariakoo, na mwenyewe analijua hilo. Lakini kwa kuwa ya kazi ipo, ile ya moyo yaweza kufunguliwa kwa utulivu, kifaa kikasubiriwa wiki tatu, bila fundi kuharakishwa akafunga boliti vibaya.

Jumapili akitaka kwenda nayo Bagamoyo, kilometa zipatazo 65, na aende. Ikigoma, pengine itakuwa Bunju au Mapinga, mchana kweupe, naye hana anayemsubiri. Jumatatu alfajiri ile nyingine itampeleka kazini.