Bunju wa Bahari na Ndugu Yake wa Nili

Alfajiri moja, kando ya Nili hapa Juba, kijana mmoja aliyelelewa Kakuma, Kenya, ambaye kwa sababu hiyo Kiswahili chake ni chepesi kuliko changu cha vitabuni, aliinua mshipi wake akanionyesha samaki aliyejaa pumzi mpaka akawa mviringo kama kibuyu, ubavu una mistari ya manjano na tumbo lina vijiba vikali kama ulimi wa paka. "Mzee," akaniuliza, "nikimchemsha huyu mpaka jioni, si atalika?"

Nikamjibu la.

Samaki yule ni jamaa wa bunju, ambaye watu wa pwani humfahamu na, aghalabu, humtupa mchangani. Ila huyu wetu maskani yake ni maji matamu, katika Nili na Ziwa Turkana, na meno yake manne yaliyoshikamana kama mdomo wa kasuku yaweza kumkata kidole mtu amng'oaye ndoana kwa pupa. Tumia koleo.

Sumu ya bunju wa baharini, ambayo asili yake ni bakteria, hukaa zaidi katika ini, mayai, matumbo na ngozi, nayo haijali moto: chungu kitatokota, nyama itaiva, na sumu itabaki vile vile. Kazi yake ni kuizuia mishipa ya fahamu isipeleke habari. Basi ganzi huanza midomoni na ulimini, ikashuka viganjani, hata misuli ya kuvuta pumzi ikalegea, ilhali mgonjwa akili zake ni timamu na pengine awasikia wanaomlilia. Nahodha James Cook aliionja mwaka 1774 huko New Caledonia, siku ambayo samaki mwenyewe aliwekwa kando ili achorwe, yeye na wenzake wakapikiwa ini na mayai, na hayo nayo wakayaonja tu; kabla hakujapambazuka viungo vilimfa ganzi, hata chombo kilichojaa maji na unyoya wa ndege vikawa na uzito mmoja mkononi mwake. Nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa. Dawa ya kuizimua sumu hii haijapatikana hadi leo. Sharti mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, asaidiwe kupumua mpaka imtoke. Na bunju wa maji matamu nao wamekwisha kuwadhuru walaji huko Thailand na Bangladesh, kwa hiyo huyu wa Nili sikuwa tayari kumjaribu kwa tumbo la mtu mwingine.

Yuko pia jodari, ambaye hana sumu akiwa hai, walakini akilala juani saa chache bila barafu huzuka mwilini mwake kitu kinachomfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Kupika hakukiondoi, wala kumgandisha upya. Kwa joto la Juba, jodari aliyeyeyuka njiani kisha akagandishwa tena simnunui hata kwa nusu bei.

Gogogo huliwa bila hofu, ila mwiba wake ukikuchoma, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyastahimili.

Kijana alimsukuma bunju majini kwa mguu. Akaelea tumbo juu, akitema pumzi kidogo kidogo, kisha akajigeuza na kuzama. Kapuni mlikuwa na perege wawili. Hao ndio tuliowala.