Elimo Njau: Mtoto wa Mwalimu wa Marangu Aliyemchora Kristo Mwafrika



Jumuiya inaposali nyumba kwa nyumba hapa Mabatini, ukutani hukosi picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, mara nyingi iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani: nywele za kahawia, ngozi nyeupe. Tumeizoea hata hatuulizi mchoraji alikuwa mtu wa wapi. Elimo Njau aliuliza.

Alizaliwa mwaka 1932 Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Baba yake, Filipo Njau, alikuwa mwalimu, Mlutheri. Katika Kanisa hilo la Wachaga, mmisionari Bruno Gutmann alikuwa amefundisha kwa miaka mingi, hadi 1938, kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, na Injili haikuja kuvibomoa. Wapo waliompinga, na baadhi ya hoja zake zinabishaniwa mpaka leo. Lakini si ajabu kwamba mtoto aliyekulia hapo hakuona haya kumweka Mwokozi kwenye ardhi ya nyumbani.

Miaka ya 1950 alikwenda kusoma sanaa Makerere, Uganda. Masomo hayo yalianzishwa na Mwingereza Margaret Trowell mwaka 1937, kwanza barazani kwake. Mama huyu hakupenda wanafunzi wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia tukio, kisha kila mmoja achore alivyoliona akilini mwake. Wengine humlaumu kwamba aliwafungia vijana mlango wa sanaa ya dunia, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, fikiri kijana anasimuliwa Karamu ya Mwisho bila kuonyeshwa picha yoyote: ataketisha mitume wapi, kama si kwenye nyumba anayoijua? Isitoshe, hapo Makerere Njau alimkuta Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, akifundisha. Kumbe hata mtu wa kwetu anaweza kuwa mchoraji.

Matunda yake yako Murang'a, Kenya, katika kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Huko, kufikia 1959, Njau alichora ukutani picha tano: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemani na Kusulubiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya Wakikuyu. Waliokuja kusali humo walikuwa wajane na yatima wa vita vilivyogawa hata ndugu wa tumbo moja. Walimwona Bwana akifa juu ya ardhi waliyozikia watu wao.

Muumini atauliza: lakini Yesu si alikuwa Myahudi? Ndiyo, na tusilifiche hilo. Wachoraji wa Italia nao walijua, wakamlaza Mtoto Yesu katikati ya vilima vyao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitamka kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake. Picha za Murang'a zilikuwa zimekwisha kukauka. Frateri anayesoma utamadunisho, aanzie karibu: pale Bujora, padre David Clement aliijenga tabernakulo kwa umbo la nyumba ya Kisukuma.

Mwaka 1965 Njau alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa Nairobi, ikaitwa Paa ya Paa. Paa wa kwanza ni mnyama. Wa pili ndiye anayeruka.